Mekatilili wa Menza na Swali la Kusimama Peke Yao au Pamoja Vitani

Utangulizi

Msafiri aendaye Garsen kutoka Malindi huvuka Mto Sabaki, akazipita Mambrui na Gongoni, kisha akafika Marereni, mji mdogo wa kando ya barabara ambapo mabwawa ya chumvi humeremeta upande wa bahari na mashamba ya mahindi na mikorosho hutanda upande wa bara. Ni nadra msafiri huyo kuambiwa kwamba nchi hii anayoipita, iliyo kaskazini ya Sabaki, ndiyo ambayo serikali ya kikoloni iliazimia mwaka 1914 kuwafukuza Wagiriama wote waliokuwa wakiilima. Ni nadra pia kuambiwa kwamba huko Bungale, katika eneo hili hili la Magarini, ndiko alikozikwa mwanamke aliyewafunga Wagiriama kwa kiapo wasikubali kutawaliwa bila ridhaa yao.

Makala haya yanasimulia kwa muhtasari maisha ya mwanamke huyo, Mekatilili wa Menza. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya ushujaa wake, na si nia yetu kuyarudia yote. Lengo letu ni kuyatazama maisha hayo kupitia swali moja ambalo lingali linayasumbua mataifa ya Afrika Mashariki: jamii inapokabiliwa na vita, je, isimame peke yake au ijiunge na wengine? Wahenga walikwisha kutuambia kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Maisha ya Mekatilili, hata hivyo, yanatulazimisha kuuliza swali la pili ambalo methali hiyo haikulijibu, nalo ni: umoja wa nani, na nani aliyeulizwa kabla ya kuunganishwa?

Kuzaliwa na malezi

Mekatilili alizaliwa katikati ya karne ya 19 huko Mutsara wa Tsatsu, katika sehemu za Ganze, bara ya Kilifi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi wa Menza. Jina la Mekatilili alilipata baada ya kujifungua mwana aliyeitwa Katilili, kwani katika Kigiriama kiambishi me- hubeba maana ya mama wa fulani. Kwa hiyo jina linalotajwa leo katika vitabu vya historia na katika majina ya mitaa ni jina la uzazi, nalo linatukumbusha kwamba jamii yake ilimtambua kwanza kama mama. Aliolewa na Dyeka, na wakati habari zake zinapoanza kuandikwa na maofisa wa serikali alikuwa tayari mjane wa makamo.

Mapokeo ya Wagiriama yanasimulia kwamba alipokuwa kijana, mmoja wa kaka zake, Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara wa utumwa mbele ya macho ya nduguze, asionekane tena. Tukio hilo linafaa kuzingatiwa na yeyote anayetaka kuelewa msimamo wake wa baadaye. Serikali ilipokuja kudai vijana wa Kigiriama wakafanye kazi mbali na kwao, Mekatilili hakuliona jambo hilo kuwa geni. Kwake yeye, kijana aliyechukuliwa kwa nguvu akapelekwa asikojulikana alikuwa Mwarandu mwingine.

Aidha, alilelewa katika jamii iliyokuwa na utaratibu wake wa kuamua mambo makubwa. Wagiriama, kama jamii nyingine za Mijikenda, walikuwa na kaya, yaani makao matakatifu yaliyozungukwa na msitu, ambayo kwao ilikuwa Kaya Fungo. Humo ndimo wazee wa kambi walimokutana, ndimo viapo vilimotolewa, na ndimo neno la vita au la amani lilimopimwa. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Wagiriama wengi walikuwa wamehama kaya na kutawanyika wakitafuta mashamba na malisho, baadhi yao wakavuka Sabaki kuelekea kaskazini. Hata hivyo, kaya ilibaki kuwa kitovu cha kumbukumbu na cha mamlaka ya kiroho. Mtu angeweza kuishi mwendo wa siku kadhaa kutoka Kaya Fungo, lakini kiapo kilichotolewa huko kilimfikia.

Funzo la vita vya Wamazrui

Kabla ya kufika mwaka 1913 hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kwa maana Wagiriama walikuwa wamekwisha kuonja vita vya ushirika. Mnamo Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikamuunga mkono Rashid bin Salim kuwa mrithi wake. Wamazrui wengine hawakuridhika. Ugomvi wa urithi ukageuka kuwa vita dhidi ya Waingereza, na Mbaruk bin Rashid wa Gasi, mkubwa wa ukoo huo, akaingia vitani pia. Mwezi Julai mwaka huo huo Kampuni iliondoka, na serikali ya Uingereza ikautwaa utawala wa nchi pamoja na vita vyake.

Wamazrui waliwategemea Wagiriama kwa chakula na hifadhi, kwani walikuwa na uhusiano wa biashara wa siku nyingi. Baadhi ya Wagiriama walikubali. Miongoni mwao alikuwa Ngonyo wa Mwavuo wa Marafa, mtu mwenye nguvu na mali kaskazini ya Sabaki. Wengine walijiweka kando, na kabla ya mwaka kwisha wazee walifanya mapatano na Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza. Serikali ililazimika kuleta askari kutoka Bara Hindi ili kuvimaliza vita hivyo. Mnamo Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, ambao walimpa makazi katika koloni lao. Akafia uhamishoni.

Tunaona basi kwamba mshirika mkubwa alipata mlango wa kutokea, lakini wale waliompa chakula na hifadhi walibaki palepale, mbele ya serikali iliyokuwa na nguvu zaidi kuliko awali. Miaka michache baadaye njaa kuu ya 1898 hadi 1900 iliikumba pwani. Haikosi kwamba watu wa rika la Mekatilili waliyakumbuka hayo. Walikuwa wameona kwamba kuna ushirika ambao mmoja huleta ugomvi na mwingine huleta ghala lake, na vita vinapokwisha, mwenye ugomvi huondoka na mwenye ghala hubaki na majivu.

Kodi, kazi na ardhi

Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi baada ya vita hivyo, serikali haikuwasumbua sana Wagiriama. Walilima mahindi kwa wingi, wakauza pwani, na watu wengi wa miji ya pwani walikula kutokana na jasho lao. Mambo yalibadilika walowezi walipofungua mashamba makubwa karibu na Malindi na kuhitaji vibarua. Mgiriama aliyekuwa na shamba lake, mnazi wake na mbuzi wake hakuona sababu ya kwenda kuwa kibarua katika shamba la mtu mwingine. Kwa mtazamo wa serikali, kujitosheleza huko lilikuwa kosa lililohitaji kurekebishwa.

Mnamo mwaka 1912 Arthur Champion alitumwa kwa Wagiriama akiwa ofisa msaidizi wa wilaya, chini ya Charles Hobley aliyekuwa mkuu wa mkoa wa pwani. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya kibanda, kusimamisha wazee walioteuliwa na serikali, na kupata vijana wa kwenda kufanya kazi. Sambamba na hayo palikuwa na suala la ardhi. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza, na sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 haikuwapa Wamijikenda nafasi ya kudai mashamba waliyoyalima katika ukanda huo. Hivyo Mgiriama alitakiwa kulipa kodi ya nyumba yake, kumtoa mwanawe akafanye kazi, na wakati huo huo kuambiwa kwamba ardhi anayoikalia huenda si yake.

Ikumbukwe kwamba wazee walioteuliwa na serikali hawakuwa wazee wa kaya. Walikuwa watu waliopewa cheo ili wapokee amri na kuzipeleka chini. Baraza la kambi lilikuwa likisikiliza, likabishana, likaafikiana. Baraza la serikali lilikuwa likitangaza. Hapa ndipo tunapoona chanzo cha mgogoro wenyewe, kwani kilichovunjwa kilikuwa pia ule utaratibu wa kuulizana kabla ya kukata shauri.

Kifudu na viapo

Katika hali hiyo ndipo Mekatilili alipojitokeza. Hakuwa mzee wa kambi wala hakuwa na cheo chochote. Silaha yake ya kwanza ilikuwa ngoma. Mapokeo yanaeleza kwamba alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma inayohusiana na matanga, na popote alipocheza watu walikusanyika. Watu wakishakusanyika, alisema nao kuhusu vijana wanaochukuliwa, kuhusu wazee waliouza sauti zao kwa mishahara ya serikali, na kuhusu kaya iliyoachwa ukiwa. Mwenzake mkuu katika kazi hiyo alikuwa Wanje wa Mwadorikola.

Katikati ya mwaka 1913 palifanyika mkutano mkubwa huko Kaya Fungo, uliowakutanisha wanaume kwa wanawake kutoka pande mbalimbali za Ugiriama. Viapo viwili vilitolewa. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume wakala kiapo cha fisi. Maudhui yake yalikuwa mamoja: asitokee mtu wa kulipa kodi, wala wa kumtoa mwanawe kwa kazi ya serikali, wala wa kumhudumia Champion na mawakala wake. Aliyevunja kiapo alijitia mwenyewe katika laana.

Msomaji wa leo anaweza kuviona viapo hivyo kuwa ushirikina wa kale. Tukivitazama kwa jicho la siasa, hata hivyo, tutaona kwamba vilikuwa ni njia ya kutatua tatizo gumu linalokabili kila ushirika wa vita, yaani tatizo la kuaminiana. Kila mtu huogopa kwamba akisimama mbele, jirani yake atarudi nyuma. Wagiriama walikuwa wametawanyika kutoka Kaloleni hadi ng'ambo ya Sabaki, hawakuwa na jeshi wala mfalme, na njia pekee ya kumhakikishia mtu wa Marafa kwamba yule wa Ganze hatamwacha peke yake ilikuwa kiapo walichokula wote mahali pamoja na kwa hiari. Matokeo yake yalionekana upesi. Mabaraza ya Champion yakakosa watu, kodi ikakwama na vibarua wakaadimika.

Kisa kinachopendwa zaidi katika mapokeo ni kile cha kuku na vifaranga. Inasimuliwa kwamba Mekatilili alihudhuria baraza la Champion akiwa na kuku mwenye vifaranga, akamwashiria ofisa huyo ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Champion aliponyosha mkono, kuku akamdonoa. Funzo lilikuwa wazi kwa wote waliokuwapo: ikiwa kuku mmoja hutetea kifaranga kwa namna hiyo, watu watafanya nini watakapochukuliwa wana wao? Kisa hiki kina ufundi mkubwa wa fasihi simulizi, kwa sababu hoja nzito ya kisiasa imefungwa ndani ya kitendo ambacho hata mtoto hukielewa.

Kifungo na safari ya kurudi

Serikali ilimkamata Mekatilili tarehe 17 Oktoba 1913, na Wanje pia akakamatwa. Wakapelekwa Kisii, magharibi mwa nchi, mbali na bahari na mbali na lugha yao. Huku nyuma maofisa waliwashurutisha wazee kukitengua kiapo na kuahidi utiifu, na ukaanza mpango wa kuifunga Kaya Fungo na kuwahamisha Wagiriama waliokuwa kaskazini ya Sabaki.

Mnamo Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka. Walisafiri kurudi pwani, masafa ya zaidi ya kilomita 700, wakipita katika nchi za watu ambao hawakuwajua. Mtu hawezi kuvuka masafa kama hayo bila kupewa maji, chakula na mahali pa kulala. Hatuna majina ya waliowasaidia njiani, na huenda wasaidizi wenyewe hawakujua walikuwa wakimsaidia nani. Hata hivyo, katika kisa kizima cha Wagiriama ambacho kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha jamii moja iliyosimama peke yake, safari hiyo inatuonyesha kwamba palikuwa na ukarimu wa jamii nyingine ambao haukuandikwa popote.

Agosti 1914

Tarehe 4 Agosti 1914 baruti ya serikali iliilipua Kaya Fungo. Siku hiyo hiyo, huko Ulaya, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Kugongana kwa siku hizo mbili kulikuwa kwa bahati tu, lakini maana yake kwa Wagiriama ilikuwa nzito. Uingereza iliingia vitani pamoja na Ufaransa na Urusi, ikitetea Ubelgiji, na katika Afrika Mashariki ilipakana na koloni la Wajerumani. Vita vilihitaji wapagazi. Madai ya vibarua, ambayo Wagiriama walikuwa wameyakataa kwa mwaka mzima, sasa yaligeuka kuwa madai ya watu wa kubeba mizigo ya jeshi.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Vita vya 1914 huelezwa katika vitabu kuwa vita vya mataifa yaliyoungana dhidi ya mataifa mengine yaliyoungana. Lakini Mgiriama wa Ganze au wa Bungale aliyetakiwa abebe risasi kuelekea mpaka wa Wajerumani hakuwa amewahi kukaa katika baraza lolote lililoamua vita hivyo. Aliingizwa katika ushirika kama gunia linavyoingizwa katika mashua. Kukataa kwake hakukuwa woga, wala hakukuwa kuwapenda Wajerumani. Kulikuwa ni kukataa kuitwa mshirika na mtu asiyekuuliza. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba Wagiriama walichagua upweke. Tayari walikuwa na umoja wao walioulia kiapo, nao wakatakiwa kuuacha ili waingie katika umoja wa wengine.

Katikati ya Agosti, msako wa wapagazi ukiendelea, askari aliyetuhumiwa kumnajisi mwanamke aliuawa, na Champion na watu wake wakashambuliwa. Wakati huo huo Mekatilili na Wanje walikamatwa kwa mara ya pili. Hivyo vita vyenyewe vilipiganwa wakati waliojenga umoja uliovitangulia wakiwa tena mikononi mwa serikali. Askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, walielekezwa kwa Wagiriama. Mishale yenye sumu ilikabiliana na bunduki, na vijiji vikachomwa. Inakadiriwa kwamba Wagiriama wapatao 150 waliuawa, kiasi cha asilimia 70 ya nyumba zikateketezwa, na mbuzi 6,000 wakatekwa.

Wengine walikuwa wapi? Jamii nyingine za Mijikenda hazikuinuka. Miji ya pwani, iliyokuwa ikila mahindi ya Wagiriama, haikuinuka. Kiapo cha Kaya Fungo kilikuwa kiapo cha Wagiriama, na nguvu yake iliishia pale ilipoishia jamii iliyokiamini. Hata ndani ya Wagiriama wenyewe palikuwa na wazee waliofungamana na serikali, na wengine waliokuwa wamelazimishwa kutengua walichokula. Basi walipigana peke yao, na hata huko peke yao hawakuwa wamekamilika.

Amani ya gharama

Mapigano yalikoma mwanzoni mwa Oktoba 1914. Masharti ya serikali yalikuwa makali: Wagiriama walipe faini ya rupia 100,000, watoe vibarua 1,000, na wahame kutoka kaskazini ya Sabaki. Ili kuelewa ukubwa wa faini hiyo, msomaji akumbuke kwamba kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3. Rupia 100,000 zilikuwa sawa na kodi ya mwaka mmoja ya vibanda zaidi ya 33,000, tena zikidaiwa kutoka kwa watu ambao nyumba zao nyingi zilikuwa majivu.

Waliochukuliwa kuwa wapagazi waliungana na makumi ya maelfu ya Waafrika wengine katika kikosi cha wachukuzi, ambacho jina lake la Kiingereza limebaki katika lugha yetu kama Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi wao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wala hawakuuawa na risasi. Ni jambo la kutafakari kwa mwanafunzi wa Kiswahili kwamba majina ya masoko mawili mashuhuri ya Afrika Mashariki ni kumbukumbu ya watu walioshirikishwa vitani bila kuulizwa.

Kuhusu ardhi, Wagiriama walifukuzwa kaskazini ya Sabaki na mashamba yao yakaachwa magugu. Hasara haikuwa yao peke yao, kwani pwani nzima ilikosa nafaka zao. Kufikia mwisho wa vita vikuu serikali yenyewe ilitambua kwamba hatua hiyo haikuwa na faida, na watu wakaruhusiwa kurejea. Hapo Wagiriama walikipata tena, kwa subira na kwa kudumu kudai, kile ambacho hawakuweza kukihifadhi kwa mishale.

Kurejea kaya

Mekatilili aliachiliwa mwaka 1919. Alirudi akakuta watu wake wamechoka lakini hawajatawanyika. Yeye na Wanje walirejea Kaya Fungo, Wanje akiongoza wazee wanaume na Mekatilili akiongoza baraza la wanawake. Serikali iliyoilipua kaya kwa baruti ikalazimika kuvumilia kuona kaya hiyo ikiwa na watu tena. Alifariki katikati ya miaka ya 1920 na kuzikwa Bungale.

Baada ya uhuru jina lake liliendelea kutajwa katika nyimbo na masimulizi, na baadaye taifa likalipokea rasmi. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tarehe 20 Oktoba 2010, Siku ya Mashujaa, sanamu yake ilizinduliwa katika bustani ya mjini Malindi ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Tusisahau, hata hivyo, kwamba suala la ardhi katika eneo la Magarini limeendelea kuwa kidonda kwa vizazi vilivyofuata. Sanamu ni heshima, lakini si hati ya shamba.

Tathmini

Je, Wagiriama wangefaulu kama wangeungana na wengine? Wapo wanaoamini hivyo. Lakini mfano wa karibu unatutahadharisha. Katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanganyika, imani katika maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengineo. Huo ulikuwa umoja mpana kuliko ule wa Kaya Fungo, na bado walishindwa, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko vita. Kwa hiyo wingi wa washirika si dhamana ya ushindi pale ambapo tofauti ya silaha ni kubwa.

Kwa upande mwingine, kusimama peke yake si lazima kuwe ni kushindwa. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukusimama na Tanzania. Mwalimu Nyerere aliendelea na vita, jeshi lake likiwa na Waganda waliokuwa uhamishoni, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika mkutano wa Monrovia mwaka huo wapo viongozi waliomlaumu. Tanzania ilishinda, lakini gharama ya ushindi huo iliubana uchumi wake kwa miaka mingi, kwa kuwa aliyekwenda vitani peke yake hulipa pia peke yake.

Kenya nayo imeonja pande zote mbili. Mnamo Oktoba 2011, baada ya matukio ya utekaji nyara katika eneo la Lamu na kwingineko, majeshi yake yaliingia Somalia kwa uamuzi wake yenyewe. Mwaka uliofuata majeshi hayo yakaingizwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Barabara ile ile ya Malindi kwenda Garsen, inayopita Marereni, ndiyo inayoelekea Lamu, na wakaazi wake wanajua kwamba vita vilivyoamuliwa katika miji mikuu hulipiwa kwanza na watu wa mipakani.

Tukiyapima yote hayo kwa mizani ya maisha ya Mekatilili, tunapata mambo matatu. Kwanza, umoja wa vita hauna budi kujengwa kwa ridhaa kabla ya vita kuanza. Wakati wa kula kiapo ni wakati ambapo mtu angali anaweza kukataa. Pili, wanaoungana wakubaliane nani atabeba mzigo gani, maana tuliona mwaka 1895 kwamba mwenye ugomvi na mwenye ghala hawakupata hasara sawa. Tatu, wakubaliane jinsi ya kutoka. Mbaruk alikuwa na mpaka wa kuvuka, Mgiriama hakuwa na pa kwenda ila shambani kwake.

Kasoro ya harakati za 1913 tunaweza kuiona katika jambo la kwanza. Umoja uliojengwa ulikuwa wa kweli, lakini haukuvuka mpaka wa jamii moja. Kaya zilikuwa nyingi, na lugha zao zilikaribiana kiasi cha watu kuelewana, lakini kiapo kilibaki katika kaya moja. Hatumlaumu Mekatilili kwa hilo. Alikuwa na muda wa miezi michache kati ya ngoma ya kwanza na kifungo cha kwanza, na alitembea kwa miguu. Tunalitaja ili sisi tulio na miaka, barabara na lugha moja inayotuunganisha tusijipe udhuru ambao yeye hakuupata.

Hitimisho

Maisha ya Mekatilili wa Menza hayatupi jibu jepesi la kwenda vitani peke yetu au pamoja. Yanatupa kipimo. Ushirika ambao waliomo wameulizwa, wakakubali, wakajua gharama yake na mwisho wake, ni ushirika unaostahili kufiwa. Ushirika ambao watu wameingizwa bila kuulizwa ni utumwa hata ukipewa jina la muungano, na anayeukataa hajavunja umoja wowote. Mjane wa Ganze aliyazingatia hayo mbele ya dola kubwa kuliko zote za wakati wake, siku zile ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakiburutana vitani kwa mikataba.

Ni matumaini yetu kwamba wanafunzi wa Kiswahili watakaosoma makala haya watayafuatilia masimulizi ya kifudu na ya viapo kwa wazee wa Ganze, Marafa, Bungale na Marereni wangali hai, kwani kila mzee anapoondoka huondoka na sehemu ya baraza ambalo Mekatilili alilikusanya kwa ngoma.